Jinsi ya kumtafuta ndugu wa tai jitu bila kudanganywa na ukubwa

Mpwa wangu yuko darasa la tano, siku moja kaja na simu ya mama yake mkononi, kaniwekea usoni picha ya tai mkubwa kupita kiasi anamrukia ndege mwingine mwenye shingo ndefu kama mbuni, akaniuliza, "Mjomba, huyu bado yupo?" Nikamwambia hayupo, huyo ni tai wa Haast, alikuwa New Zealand na ameshakwisha miaka kama 600 iliyopita, ila ndugu yake yupo, tena anapita juu ya shamba la bibi yako kila mwaka kuanzia Agosti. Akaniangalia vile wanavyokuangalia watoto wakishajua wewe ni muongo.

Basi hii ni namna niliyotumia kumthibitishia. Imenichukua karibu mwaka mzima maana hao ndege hawaji kwa ahadi, lakini wewe ukifuata vizuri unaweza kuokoa miezi kadhaa niliyopoteza mi kwa ujuaji wangu. Nakaa upande wa Tanga kwahiyo mifano mingi ni ya huku, ila ukiwa Nairobi, Kampala au Morogoro mambo ni yaleyale.

Kabla ya yote tuwekane sawa kwenye neno lenyewe. Kiswahili chetu kikisema tai kinachanganya mambo, kuna mtu tai kwake ni yule mla mizoga mwenye shingo ya upara, kuna mwingine ni yule wa kwenye nembo. Hapa nikisema tai namaanisha mwindaji, anayeua kwa kucha. Yule wa mizoga namwita tumbusi. Furukombe ni yule wa samaki mwenye kichwa cheupe, mwewe ni yule mwizi wa vifaranga. Usipozitenganisha hizi mapema utakuja kuwapa undugu watu ambao hata hawasalimiani.

Sasa anza na chaki na kamba, usianze na darubini. Ndio, chaki. Maana kwenye simu kila ndege ana ukubwa wa kidole gumba, na mtoto (hata mtu mzima) ukimwambia mabawa mita 3 anaitikia tu kichwa. Chukua futi ya fundi, nenda uwanjani mahali pa saruji au hata udongo uliofagiwa, pima mita 3 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Huyo ni jike kubwa la tai wa Haast kwa makadirio ya juu, wengi walikuwa kama mita 2.6. Mdomo hadi mkia weka kama mita 1.4. Alafu pembeni yake chora tai mwenye kishungi wa misituni kwetu, mabawa mita 1.8 akiwa mkubwa sana. Alafu chora wa tatu, mdogo, mita 1.4 mabawa na urefu wa mwili sentimita 60 hivi, huyo usimtaje jina kwanza, mwache hapo.

Ukishamaliza leta uzito. Jike la tai wa Haast lilikuwa kilo 10 mpaka 15, kwahiyo jaza maji ndoo ya lita 10, mwambie mtoto ainyanyue, mwambie huyo ndio jike jembamba kabisa. Tai wazito kuliko wote walio hai leo, harpy wa Amerika ya Kusini na yule tai wa bahari wa Steller wa kule Urusi ya mashariki, wanaishia kilo 9 hivi. Wa kishungi wetu jike lake ni kilo 4 na ushee, hiyo ni majogoo mawili ya kienyeji. Na yule mdogo niliyekwambia usimtaje jina ni pakiti moja ya sukari, kilo 1, mara nyingi hata haifiki vizuri kwa dume.

Ukimuuliza mtoto, au mtu yeyote kijiweni, kati ya hao wawili nani ndugu wa jitu, atakuonyesha wa kishungi. Nani asingemwonyesha! Mkubwa anafanana na mkubwa. Kumbe ni yule wa pakiti ya sukari.

Hii haikujulikana kirahisi. Julius von Haast ndo alimwandika huyu tai kwenye miaka ya 1870 huko Canterbury, New Zealand, mifupa ilitolewa kwenye kinamasi cha shamba la Glenmark, mwenye shamba aliitwa George Moore ndo maana jina la kisayansi linaishia na moorei. Kwa muda mrefu watu wakadhani lazima atakuwa jamaa wa karibu wa yule tai mkubwa wa Australia mwenye mkia wa kabari, maana nani mwingine mkubwa yuko jirani. Mwaka 2005 Michael Bunce na wenzake wakatoa DNA kwenye mifupa ya zamani, majibu yakaja kinyume: damu yake iko na vitai vidogo vya jenasi (kundi la ndugu wa karibu) ya Hieraaetus, kile cha Australia ambacho wastani wake ni chini ya kilo 1 na kile cha Ulaya na Asia. Yaani babu yao alifika New Zealand akiwa mdogo, akakuta visiwa ambavyo mamalia wa nchi kavu ni popo tu, hakuna chui, hakuna fisi, hakuna mbwa mwitu, halafu kumejaa moa, ndege wasioruka ambao jike la aina kubwa lilipita kilo 200. Meza imeandaliwa na hakuna mlaji. Ndani ya miaka milioni 1 au 2 hivi uzito ukapanda mara 10 hadi 15.

Sasa jenasi hiyo ya Hieraaetus ina watu wake kwetu. Watatu. Na hapo ndo kazi ya darubini inaanza.

Darubini chukua ya 8x42 (inakuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42), hata ya mtumba. Usidanganyike na zile zilizoandikwa 20x50 za kwenye meza za barabarani, ukiishika mkono unatetemeka na tai anakuwa ukungu unaocheza. Nilinunua moja, sasa hivi imekaa juu ya kabati. Saa nzuri ni saa tatu mpaka saa tano asubuhi, jua likishapasha ardhi hewa inapanda na tai wanapanda nayo. Ukitoka saa kumi na mbili alfajiri kama watu wa chiriku utasubiri sana.

Wa kwanza na rahisi ni tai wa Wahlberg. Jina la huyo Wahlberg ni la Mswidi mmoja, Johan August, alizunguka kusini mwa Afrika akikusanya wanyama mpaka mwaka 1856 tembo alipomuua huko ambako leo ni Botswana. Ndege wake anahamahama ndani ya Afrika hiihii, kwetu anaingia kama Agosti anajenga kiota, analea, na ikifika Machi au Aprili anaondoka. Anapenda sehemu za miti ya wastani, mapori ya miombo, kingo za mashamba, mito yenye miti mikubwa. Kwa hiyo Mkomazi, Mikumi, Saadani, ukiwa na macho utampata, na mara nyingi hata hifadhini usingie, barabarani tu anapita.

Namna ya kumjua akiwa juu: angalia umbo, achana na rangi. Rangi itakuchanganya maana wapo kahawia iliyokolea kama kahawa, wapo wa katikati, na wachache wamepauka karibu weupe. Umbo halibadiliki. Mabawa anayanyoosha sawasawa, membamba kidogo, upana mmoja toka begani hadi karibu na ncha, na mkia mrefu ameubana kama rula. Ukimtazama toka chini ni mbao mbili zimepigwa msumari kuwa msalaba. Mpwa wangu ndo alisema hivyo, mi nilikuwa nahangaika na maneno ya vitabuni. Mwewe mkia wake una panda na anaupindapinda kama usukani, kwahiyo ukiona mkia unacheza huyo sio.

Akiwa ametua ndo kuna mtego mkubwa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna tai mwingine wa kahawia, mla nyoka, anakaa wima juu ya mti mkavu, na watu kibao wanapiga picha wanaandika Wahlberg. Shusha darubini miguuni. Mla nyoka miguu iko wazi, imepauka, ina magamba kama ya kuku, na macho yake ni ya njano makubwa, kichwa cha mviringo kama bundi. Wahlberg macho meusi, na miguu imevaa suruali, manyoya yameshuka mpaka yanagusa vidole vya njano. Hiyo suruali ndio kitambulisho cha ukoo mzima. Tai wa Haast alikuwa wa ukoo huo, wa kishungi ni wa ukoo huo, tai wa Wahlberg ni wa ukoo huo. Furukombe hana suruali, mla nyoka hana, tumbusi hana. Kwahiyo ukikutana na ndege wa kucha na hujui pa kuanzia, swali la kwanza ni moja tu: amevaa au hajavaa.

Kuvaa peke yake hakutoshi kusema ni Hieraaetus, ukoo ni mkubwa, ila umeshatoa nusu ya watu mlangoni.

Wawili waliobaki nitawapitia haraka. Kuna anayekuja toka Ulaya na Asia kipindi cha baridi ya kwao, Oktoba hadi Machi, mweupe tumboni na manyoya ya ncha za mabawa meusi (wapo wa kahawia pia, Mungu atusaidie), mkimtazama akija uso kwa uso ana madoa mawili meupe pale bawa linapokutana na mwili kama taa za gari. Na kuna wa Ayres, mwenyeji, wa misituni, kifua kimejaa madoadoa mazito, anakula ndege wenzake, anashuka kwa kasi ambayo ukipepesa macho umemkosa. Huyo nimemwona mara mbili tu maisha yangu yote, na mara ya pili sina uhakika. Ukimpata shukuru.

Haya, hapo umeshapata damu ya jitu. Tatizo ni kwamba hawa wadogo hawatakuonyesha jitu liliishije. Wahlberg anakula mijusi, vifaranga, panya, vindege. Ukimtazama huwezi kuwaza mnyama wa kilo 200 anaangushwa. Kwa tabia inabidi uende kwa jirani sio kwa ndugu, na jirani mwenyewe ni wa kishungi.

Kwa hiyo hatua inayofuata ni kupanda msituni. Mi nilimpeleka dogo Amani, Usambara ya Mashariki, ile sehemu Wajerumani waliianzisha kama kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Unalipa getini, unachukua mtu wa kukuongoza, na nakushauri uchukue mzee, vijana wengi wanajua vinyonga tu kwa sababu wageni wanauliza vinyonga.

Njiani ndo niliaibika. Kabla hatujaanza kupanda nikaona tai amekaa juu ya nguzo ya umeme, mweusi, ana kishungi kirefu kinapepea na upepo, nikamsimamisha bodaboda, nikatoa hotuba: "Dogo, huyu ndio anakula kima, angalia kishungi!" Dogo akaandika kwenye daftari. Tulipofika juu nikamsimulia mzee wetu kwa majivuno, mzee akacheka mpaka akashika mti. "Wa kwenye nguzo? Mwanangu, yule anakula panya wa mahindi." Na kweli. Yule ni tai mwingine kabisa mwenye kishungi kirefu chembamba, uzito wake kilo 1 na kitu, rafiki mkubwa wa mkulima. Kwahiyo liandike hili: kishungi kinachopepea kama unyoya wa kofia, ndege mweusi, nguzoni kando ya shamba, akiruka ana mabaka meupe kwenye mabawa, huyo ni mla panya. Wa misituni kishungi chake ni kifupi, cha pande mbili, kinasimama akishtuka, na kifua kina mistari na madoa meusi, meupe na rangi ya kutu. Na nguzoni hutamkuta.

Msituni hutampata kwa macho, utampata kwa masikio. Njia mbili. Ya kwanza ni dume lenyewe, asubuhi kukishapata joto anapanda juu sana ya msitu anaruka kwa mawimbi, anapanda anashuka anapanda, huku analia kiwi-kiwi-kiwi-kiwi bila kupumzika, unasikia dakika nzima kabla hujamwona ni kinukta. Ya pili ni kima. Dume la kima akimwona tai anatoa mlio mkali mfupi, "ka! ka!", tofauti na ule mwingine wake wa "pyau" anaoutoa kwa mambo mengi tu. Ukisikia hiyo ka-ka na kundi zima linashuka toka kwenye vilele kuingia ndani ya majani, usiwaangalie kima, wote wataangalia kima, we angalia juu.

Tulikaa siku ya kwanza hamna kitu. Siku ya pili mvua. Siku ya tatu kama saa nne na nusu kima wakapiga ka, na kitu kikapita kati ya miti, sio juu ya miti, KATI, kwa kasi, mabawa mapana mafupi, mkia mrefu wenye mistari umefunguka anaukata kona nao. Sekunde tatu labda. Dogo hakusema kitu.

Hayo mabawa ndio nilitaka ayaone. Kama ungetarajia jitu liwe na mabawa marefu ya kupaa kama tumbusi utakosea, tai wa Haast kwa uzito wake alikuwa na mabawa mafupi, kama huyu. Mabawa ya mtu anayeingia porini na vichakani kuvizia, sio ya kuzunguka angani siku nzima. Na wa kishungi haogopi uzito, anaua hata swala mdogo wa msituni mwenye uzito mara kadhaa ya wake, ila hambebi mzima mzima, anamkatakata anapeleka vipande. Hii ikukumbushe wakati mwingine ukitumiwa vidio ya tai kanyakua mtu mzima: kubeba ni habari nyingine na kuua ni habari nyingine, tai akibeba kitu kinachokaribia uzito wake mwenyewe ameshafanya kazi.

Jitu lilikuwa linaua hivi, kwa kadiri mifupa inavyosema: mifupa ya nyonga ya moa imekutwa na matundu, kucha zimepita kwenye mfupa. Kucha ya nyuma ya tai wa Haast ukiipima kwa mzunguko inafika sentimita 11. Chora hiyo kwenye karatasi alafu weka mkono wako pembeni. Na mwaka 2021 watafiti wakalinganisha fuvu lake na la ndege wengine wakaona kitu cha ajabu, kucha ni za tai lakini fuvu linakaribia la tumbusi wakubwa, maana yake alikuwa anaua kama tai alafu anaingiza kichwa ndani ya mzoga anakula maini na utumbo. Inaeleweka, ukishaangusha kilo 200 utaanzia wapi tena.

Ukipata bahati ya kuonyeshwa kiota cha wa kishungi (ni kikubwa mno, rundo la fito kwenye panda ya mti, wanakitumia miaka na miaka mpaka kinakuwa kama kitanda cha watu wawili) kaa mbali. Sisemi kwa adabu tu. Wanataga mayai 2, kinapona kifaranga 1, kinakaa kiotani zaidi ya miezi mitatu, na hata akianza kuruka wazazi wanamlisha miezi mingine 9 hadi 11. Kwahiyo jozi moja inatoa mtoto mmoja kila miaka miwili. Ukiwafukuza mara moja umeharibu miaka miwili. Wakati wazazi hawapo, na mzee akikuruhusu, pita chini yake uangalie mifupa, usiokote, angalia tu piga picha.

Utaona mafuvu ya kima, perere, miguu ya paa. Tazama mafuvu karibu, hasa ndani ya matundu ya macho, kuna vijitundu na mikwaruzo ambapo kucha na mdomo vimepita. Hivi vijitundu vina historia nzito. Mwaka 1924 kwenye machimbo ya Taung, Afrika Kusini, lilipatikana fuvu la mtoto wa miaka kama mitatu au minne wa zamadamu (jamaa wa kale wa binadamu) aliyeishi zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, Raymond Dart akalitangaza 1925. Miaka na miaka ikasemwa aliuawa na chui. Mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke wakasema hapana, huyu ni tai, na 2006 Berger akaenda mbali zaidi baada ya kuona alama kwenye macho ya yule mtoto zinafanana na za mafuvu ya nyani yaliyookotwa chini ya viota vya wa kishungi huko msitu wa Taï, Ivory Coast. Nilimsimulia dogo hii tukiwa tumekaa chini ya mti, akasogea karibu na mimi bila kujifanya.

Na wa kishungi naye alikuwa na ndugu wa damu aliyekufa, sio mbali. Madagaska. Steven Goodman alimwandika mwaka 1994 kwa mifupa, Stephanoaetus mahery, hilo neno mahery ni la Kimalagasi, mwenye nguvu. Alikuwa anawinda lemuri, wale wanyama wa mitini wa huko wanaofanana na kima. Ameondoka, ila lemuri mpaka leo wanashtuka kitu kikubwa kikipita juu, na wapo wanaodhani ni hofu iliyobaki toka enzi zake. Kwahiyo pale Amani ukiangalia wa kishungi unamwangalia binamu wa mmoja na mfano wa mwingine, kwa mpigo.

Sasa kuna watu watakuja na ndege mwingine wa kale, "Argentavis je? Huyo ndo mkubwa kuliko wote." Sawa. Chora na huyo kama una uwanja, mita 6 hadi 7 bawa kwa bawa, dogo alilazimika kutoka nje ya geti la bibi na kuendelea barabarani. Argentina, miaka kama milioni 6 iliyopita, uzito wa mtu mzima, kilo 70. Mwaka 2007 watafiti wakapiga hesabu wakasema ndege wa namna hii asingeweza kujinyanyua kwa kupiga mabawa kwenye ardhi tambarare, alihitaji mteremko au upepo wa kumpokea. Walio hai wanaohesabiwa jamaa zake ni kondori wa Amerika, wale wala mizoga wakubwa wa huko. Kumtazama huyo lazima uende Andes, na ukienda angalia jambo moja tu, mabawa hayapigwi. Kondori mmoja aliyefungwa kifaa alikaa angani zaidi ya saa tano, kilomita 172, bila kupiga bawa hata mara moja.

Mtego: usimchukue tumbusi wa Serengeti ukamwita ndugu wa Argentavis kwa sababu wote wana upara. Upara umekuja mara mbili, kila ukoo kivyake, kwa kazi moja ya kuingiza kichwa kwenye mzoga. Tumbusi wetu ni wa ukoo wa tai na mwewe. Hapo tena ukubwa na sura vinadanganya. Na wale ndege wa kutisha wa Amerika ya Kusini wasioruka, wenye kichwa kama cha farasi, hao sio tai kabisa, aliyebaki wa kwao ni seriema, anakimbia nyikani huko Brazil na Argentina anapigapiga nyoka chini mpaka afe. Inatosha, nisikuchoshe.

Mwisho wa kazi ni kuandika. Dogo ana daftari la mistari, kila ndege ana safu nne: tarehe na saa, mahali, suruali (ndiyo/hapana), mkia. Rangi nimemkataza kuandika mpaka ajaze hizo nne, maana akianza na rangi anaacha kuangalia. Ukiwa na simu weka na eBird, programu ya kuandikisha ndege uliowaona, ukitaja tarehe ya Wahlberg wa kwanza wa mwaka inasaidia kweli, wanaofuatilia uhamaji wanahitaji tarehe hizo. Ukipiga picha, hata kama ni mbovu, piga miguu. Miguu iliyoshikika vizuri ina thamani kuliko uso mzuri. Hata watoto wa tai, ambao wote ni weupeweupe na wanachanganya wataalamu, mguu unawatenganisha: mtoto wa wa kishungi suruali ina madoa meusi, mtoto wa yule tai mkubwa wa nyikani suruali ni nyeupe tupu.

Mwaka huu tarehe 23 Agosti tulikuwa kwa bibi, tunamenya mihogo, dogo akaacha kisu akatoka nje. Alikuwa amesimama juu ya ule mchoro wetu ambao mvua ilishaufuta nusu, jitu limebaki bawa moja. Juu kulikuwa na msalaba wa mbao mbili, kahawia, unaenda taratibu kusini. Hakuniita. Niliona baadaye kwenye daftari: saa 4:10, kwa bibi, suruali haikuonekana alikuwa juu sana, mkia mrefu umebanwa. Na chini kabisa ya ukurasa, toka ile safari ya Amani, kuna safu ya tano aliyoiongeza mwenyewe, imeandikwa "Mjomba kakosea", na chini yake namba 1.